Je, Mgonjwa Aachiwe Sigara Yake?

Imetujia barua kutoka kwa mama mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, nasi hatutataja jina lake wala mtaa wake. Asema kuwa mumewe aishi na virusi vya ukimwi kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Dawa zake huzimeza kila usiku baada ya Isha, hazimpiti, na siku ya kliniki haikosi. Lakini huvuta sigara, pakiti nzima kwa siku na pengine zaidi. Mama huyu alipomsemeza, mawifi zake walimjia juu wakamwambia: "Mwachie! Mtu maradhi yamemwandama, furaha yake imebaki ni hiyo moja, nawe wataka kumnyang'anya?" Naye atuuliza: je, nikimkataza namdhulumu?

Tungaliweza kumjibu kwa maneno mawili na kupita. Lakini tumeliona suali hili ni zito kuliko lionekanavyo, kwa kuwa maneno ya mawifi wale si yao peke yao. Ni maneno ya mji mzima, na sisi wenyewe tuliwahi kuyakubali kwa kunyamaza.

Miaka kadhaa iliyopita kulikuwa na bwana mmoja akija barazani kwetu baada ya Alasiri. Alikuwa fundi wa mbao, mtu mcheshi, mwenye heshima zake, na hali yake tulikuwa tukiijua. Siku moja kijana katika wanafunzi wetu alitaka kumnasihi juu ya sigara. Mzee mmoja akamkonyeza, akamwambia kwa sauti ya chini: "Mwachie, mwanangu. Huyo keshaonewa ya kutosha." Sote tukainamia vikombe vyetu vya kahawa. Tulidhani kuwa hiyo ndiyo adabu na ndiyo huruma. Haikupita miaka mitatu, fundi yule akaanguka alfajiri akienda msikitini, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Matangani watu wakanong'onezana: "Ni ule ugonjwa." Nduguye, ambaye ametupa ruhusa kuyasema haya bila ya jina, alituonyesha baadaye majibu ya kipimo chake cha mwisho: virusi havikuonekana katika damu. Kilichomuua ni moyo, na daktari alikuwa amekwisha kumwonya mara mbili juu ya sigara. Virusi vilisingiziwa, na sigara ikatoka matangani pale haina lawama.

Tangu siku hiyo twajiuliza: ile tuliyomfanyia ilikuwa huruma ya namna gani?

Wasemao "mwachie" hawasemi kwa ubaya, na yafaa tuwaelewe. Mgonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Kenya alijulikana mwaka 1984, na mwaka 1999 Serikali ikatangaza kuwa maradhi haya ni janga la taifa. Miaka hiyo sisi tulikuwa tungali wadogo, wengine wetu tungali madrasani, lakini majeneza twayakumbuka. Vijana wenye nguvu zao walikonda mbele ya macho ya mama zao, na dawa iliyokuwa imekwisha kupatikana Ulaya na Marekani tangu mwaka 1996 bei yake ilikuwa haifikiki kwa mtu wa kawaida katika nchi zetu. Mtu aliyebakiza miezi minne, nani angalimtajia saratani ya mapafu ambayo huenda ikamjia baada ya miaka ishirini? Kumwachia sigara yake kulikuwa kama kumfungulia dirisha apate upepo. Mzee wetu wa barazani alijifunza huruma yake katika siku hizo, nayo ilikuwa huruma ya kweli.

Lakini kila aliyesoma usuli ajua kuwa hukumu hufungamana na illa yake, na illa ikiondoka hukumu haina pa kusimama. Illa ya huruma ile ilikuwa ni ukaribu wa kifo, na ukaribu huo umeondoka. Tangu katikati ya miaka ya 2000 dawa hutolewa bure katika hospitali za Serikali, na tangu mwaka 2016 apatikanaye na virusi huanzishwa dawa bila ya kungojwa adhoofike kwanza. Aanzaye mapema na kuzishika dawa zake vyema atarajiwa kuishi umri unaokaribia ule wa jirani yake asiye na virusi. Virusi vikidhibitiwa hata visionekane katika kipimo cha damu, hamwambukizi mkewe katika unyumba wao. Huzaa watoto wasio na virusi na kuwaoza. Huyu si mtu wa kuagwa. Basi amwambiaye mkewe "mwachie" amemhesabu mumewe kuwa ni maiti aliyechelewa kuzikwa, ingawa ulimi wake wasema ampenda.

Sasa natueleze kwa nini sigara ya mwenye virusi si sawa na sigara ya mtu mwingine, ingawa zote mbili ni sumu. Virusi hivi hushambulia chembe nyeupe za damu ambazo ndizo askari wa mwili. Dawa huvinyamazisha wala haivifukuzi. Hubaki vimejificha, na mwili, kwa kujua kuwa adui yumo ndani ya nyumba, haulali. Askari hukesha na silaha mikononi mwaka baada ya mwaka, na kukesha huko kwenyewe huudhuru mwili: kuta za mishipa ya damu huchubuka na kukakamaa kabla ya wakati wake. Ndiyo sababu mwenye virusi, hata akiwa na dawa, khatari yake ya maradhi ya moyo na kiharusi ni kubwa kuliko ya mwenziwe. Na sigara nayo kazi yake ni hiyo hiyo, katika mishipa ile ile. Moto huu watoka huku na moto ule watoka kule, na kamba iunguayo katikati ni moja.

Nenda sasa kwenye kifua. Katika njia za pumzi Mwenyezi Mungu ameweka vijinywele vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo hutikisika mchana na usiku vikisukuma nje vumbi na vijidudu. Moshi huvipoozesha. Kwa mtu mzima wa afya, askari wa damu hujitahidi kuifanya kazi iliyoachwa na vijinywele hivi. Kwa mwenye virusi askari hao wamekwisha kupunguzwa au kuchoka. Kwa hiyo nimonia humjia mvutaji mwenye virusi upesi zaidi kuliko mwenye virusi asiyevuta. Ama kifua kikuu, khabari yake ni kubwa zaidi. Hukadiriwa kuwa robo ya watu wa dunia wamebeba vijidudu vyake vikiwa vimelala. Virusi vya ukimwi ni katika mambo yanayoviamsha, na moshi wa tumbako ni katika mambo yanayoviamsha, na hadi leo kifua kikuu ndicho kitangulizi katika kuwaua wenye virusi duniani. Mtu aliyekwisha kuwa na kiamshi kimoja kifuani mwake akaongeza cha pili kwa fedha yake mwenyewe, amenunua nini?

Kisha kuna saratani za mapafu na za kinywa na koo. Na kwa wanawake, saratani ya mlango wa uzazi, ambayo virusi na tumbako huisaidia kila kimoja kwa njia yake. Na mama zetu wasijione wamesalimika kwa kuwa hawashiki sigara. Tumbako ya tambuu ni tumbako. Shisha nayo, maji yake hupoza moshi, hayausafishi.

Mambo haya si ya kukisia. Huko Denmark, nchi ambayo matibabu ya virusi hutolewa bure kwa kila mgonjwa, matabibu waliwafuatilia wagonjwa 2,921 baina ya mwaka 1995 na 2010. Walitaka kujua kila jambo limempunguzia mgonjwa miaka mingapi ya umri. Katika matokeo waliyoyatoa mwaka 2013 walipata kuwa mgonjwa wa miaka 35 anayevuta sigara hupoteza miaka kama 5 kwa sababu ya virusi, na zaidi ya miaka 12 kwa sababu ya sigara. Msomaji na airudie sentensi hiyo. Maradhi ambayo kwayo watu humnong'ona mtu yamchukulia miaka 5. Na kile ambacho watu humwashia kwa kiberiti chao, wakimwegemezea mkono kuzuia upepo, chamchukulia 12. Miaka miwili baadaye hesabu kama hiyo ilifanywa kwa wagonjwa karibu 18,000 wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Tafauti yake ilikuwa ndogo, lakini sigara ilikuwa mbele vile vile: kwa wanaume wa miaka 35, karibu miaka 8 kwa sigara na 6 kwa virusi. Na hesabu iliyotolewa Marekani mwaka 2017 yasema kuwa mvutaji mwenye virusi azishikaye dawa zake vyema, uwezekano wa kufa kwa saratani ya mapafu ni mara 6 hadi 13 ya uwezekano wa kufa kwa ukimwi wenyewe.

Mtu atasema: Denmark si Mombasa. Kweli kabisa. Hapa kwetu watu huanza dawa wakiwa wamechelewa zaidi, na kifua kikuu kwetu ni kingi kuliko kwao, kwa hiyo mizani haitakuwa ile ile. Lakini je, wingi wa kifua kikuu ni hoja ya kuvuta au ni hoja ya kuacha? Na jambo hili si la Wazungu peke yao. Uchunguzi uliokusanya khabari za nchi 28 zenye kipato cha chini na cha kati, nyingi zao za Afrika, na kutangazwa mwaka 2017, ulipata kuwa karibu robo ya wanaume wenye virusi huvuta, na kwamba wao huvuta zaidi kuliko wanaume wasio na virusi.

Kwa nini zaidi? Hapa twaomba msomaji asiharakishe kuhukumu. Mtu ajuapo kwa mara ya kwanza kuwa ana virusi, dunia humfungia milango mingi kwa siku moja. Shoga au sahibu huchelewa kujibu salamu. Kikombe alichonywea huoshwa peke yake. Posa hurejeshwa kwa visingizio. Sigara haimwulizi kitu. Barazani, akitoa pakiti akagawa, mikono hunyooshwa, na kwa dakika tano yeye ni mtu kama watu. Tumewasikia wenyewe wakisema hivi. Na pale penye muguka na miraa, sigara huja bila ya kualikwa, moja huiita ya pili. Basi ikiwa kweli imebaki ndiyo furaha yake moja, kama walivyosema mawifi wale, yatupasa tuulize ni nani aliyezichukua zile nyingine.

Ama upande wa sheria, twapenda kusema machache, kwa kuwa wako wajitetezao kwa khitilafu za wanazuoni. Ni kweli kuwa tumbako ilipoingia katika miji ya Kiislamu karibu na mwaka 1600 wanazuoni walikhitalifiana. Katika Misri ile moja, na katika madhehebu yale yale ya Imamu Malik, Sheikh Ibrahim al-Laqani aliandika kuipinga na Sheikh Ali al-Ajhuri aliandika kuihalalisha. Na baadaye Sheikh Abdul-Ghani an-Nabulsi wa Damascus alishika njia ya kuhalalisha. Lakini ajitetezaye kwa hawa na asome mpaka mwisho. Walihalalisha kwa kuwa madhara yake yalikuwa hayajathibiti kwao, na hawakumhalalishia mtu ambaye yamdhuru. Hiyo ndiyo njia pana kuliko zote aliyoweza kuipata mvutaji; na mwenye virusi, baada ya haya yajulikanayo leo, hata njia hiyo haimpitishi. Tangu mwaka 1950, matabibu wa London walipoionyesha saratani ya mapafu na sigara zikiandamana, hapana tena awezaye kusema madhara hayajulikani. Hatutalirefusha hili, mwenye kutaka kuukimbia ukweli hata kitabu cha kurasa elfu hakitamshika.

Wako wasemao: "Babu yangu alivuta buruma mpaka akafika miaka tisini." Huenda. Na wako waliovuka barabara wamefumba macho wakafika ng'ambo. Wako wasemao: "Ajali haina kinga." Lakini bwana huyu huyu asemaye hivyo humeza dawa zake kila usiku, na ubora wa dawa zile ni kuwa ni kinga. Kwa nini ajali ikingwe saa mbili usiku, kisha isikingwe saa tatu?

Hoja iliyo nzito kuliko hizi ni ya yule asemaye: "Sivuti kwa kupenda. Nimejaribu kuacha, nimeshindwa." Huyu twamwamini. Nikotini humshika mtu shingoni, na wenye kuwabeza watu hawa kwamba hawana imani wamewakosea. Lakini twamkumbusha jambo moja alijualo vizuri kuliko sisi. Katika mwezi wa Ramadhani, mwenye uwezo wa kufunga hukaa tangu alfajiri hadi magharibi, saa kumi na tatu na zaidi, na sigara imo mfukoni mwake. Halafu jua huzama, akala tende moja, akanywa funda la maji, na kabla ya sambusa kupoa moshi umekwisha kupanda. Tumeyaona haya nje ya misikiti yetu kila mwaka. Mtu aliyeziweza saa kumi na tatu anayo nguvu. Limkosalo ni msaada wa kuzivuka siku zinazofuata, na msaada huo upo. Na amwulize daktari wa kliniki yake. Kuna plasta za kubandika ngozini zitoazo nikotini kidogo kidogo, na kuna vidonge. Lakini vidonge vingine havipatani na baadhi ya dawa za virusi, kwa hiyo asijinunulie dukani kwa kusikia. Na ajue kuwa hajachelewa. Hesabu moja ya Marekani, ya mwaka 2016, yaonyesha kuwa mwanamume aanzaye matibabu ya virusi akiwa na miaka 40 naye akaendelea kuvuta hupoteza miaka zaidi ya 6; lakini akiacha wakati huo, zaidi ya miaka 5 katika hiyo humrejea. Khatari ya moyo hushuka mapema. Ile ya saratani ya mapafu haishuki upesi, nayo ni sababu ya kutoingoja Ramadhani ijayo.

Wenye maduka nao tusiwasahau. Sheria ya tumbako ya mwaka 2007 yakataza kuuza sigara moja moja, lakini pita mtaa wowote wa mji wetu uone kopo lililo wazi kando ya peremende za watoto. Mwenye duka amjua mteja wake, ajua na hali yake, na asubuhi humwuzia mbili "za kuanzia siku".

Sasa turudi kwa mama aliyetuandikia. Mama, humdhulumu. Hata usipomtazama yeye, unayo haki yako mwenyewe, kwani wewe na watoto mwavuta moshi ule ule usiku, mlango umefungwa. Na kama wewe pia una virusi, au mtoto wako mmoja anavyo, basi yote tuliyoyaeleza juu ya kifua yakuhusu wewe na yeye. Waweza kumwambia bila ya haya kuwa chumba cha kulala si pahali pa sigara. Hilo si kumkataza raha.

Lakini usimseme mbele ya mawifi, wala usitutume sisi wala mtu mwingine kumsema barazani. Watu wakianza kumnasihi hadharani juu ya kifua chake, asiyejua atauliza sababu, na siri ya mwenye maradhi ni yake. Usimfichie pakiti, kwani atanunua nyingine na atajifunza kuvuta mbali nawe. Wala usimtishe kwa kifo; amekwisha kutishwa nacho tangu miaka kumi na moja, na alikishinda kwa kumeza kidonge kila usiku. Mtaje mwanawe wa mwisho, umwulize atakuwa na miaka mingapi atakapooa, na baba yake siku hiyo atakuwa na mingapi. Wafanye hesabu wawili hao kwa kalamu, kisha muiweke kando ile miaka 12 ya Denmark.

Kwa mawifi tutasema sisi, kwa kuwa gazeti hili lasomwa nyumbani kwao pia. Kama mwampenda kaka yenu, mwalikeni chakula cha mchana siku za Ijumaa, kaeni naye sinia moja, na kikombe chake kioshwe pamoja na vikombe vyenu.

Na siku ya kliniki, mama, usimwache aende peke yake. Mkiingia kwa daktari, mwache yeye aanze kusema. Na akinyamaza juu ya sigara, mguse mkono.